Shangazi, nalala mchana na pazia zimekuwa ugomvi

Mwanangu wa Mbagala, barua yako nimeisoma. We ni nesi, unatoka zamu ya usiku, dirisha la chumbani limeangalia mashariki na jua linakuchoma usoni mpaka saa sita, mumeo kanunua zile pazia zenye mgongo wa mpira, zinanuka, chumba joto, kifua kinakubana. We unataka pamba, yeye anasema pamba haizibi mwanga na hela kashatoa.

Hapo shemeji kakosea. Kinachozuia mwanga ni kitambaa kilichofumwa kikashikana, na tabaka, sio lazima mpira. Kitani achana nacho, ni kizuri ila kingi kimefumwa wazi wazi, jua linapita kama tui kwenye kung'uto. Chukua kitambaa cha drili, pamba nzito, rangi iliyokolea, na ukiwa hapo hapo dukani washa tochi ya simu uiweke nyuma ya kitambaa, ukiona vinukta vinawaka jora mrudishie mwenyewe. Katikati tia kaniki, halafu upande wa kuangalia nje weka kitambaa cha marekani, nyeupe, isinyonye joto. Ndio, kaniki, najua mama mkwe akiiona atauliza umeleta mganga gani, ndo maana nasema iwe katikati.

Vyote vitatu fua kwanza ndo upeleke kwa fundi, pamba inarudi, na kaniki ifue peke yake inachuja hiyo balaa. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha ili marinda yapatikane.

Ila mwanga mwingi hata haupiti kwenye kitambaa, unapita pembeni na juu, watu wanalaumu pazia bure. Bomba la pazia lipite dirisha kama sentimita 20 kila upande, lipande juu ya fremu, na ncha za pazia zigeuke zishike ukuta, hata kwa kulabu ndogo tu.

Kuhusu mumeo, usimsute. Zile zake zianike nje siku kadhaa, harufu ikiisha zitakaa sebuleni karibu na TV na hela yake haijapotea. Kifua kikiendelea muone daktari, hapo kazini wapo. Na akikuamsha saa nne kuuliza chumvi iko wapi, hiyo sio kesi ya pazia tena, niandikie upya.