Nani amshike mtoto nikiwa sokoni?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mama lishe, soko la Buguruni. Saa kumi na moja alfajiri nimeshawasha jiko. Mwanangu ana mwaka na miezi minne, namwacha kwa jirani kwa shilingi 1,500 kwa siku. Wapo kama kumi na tano, chumba kimoja. Juzi nimemkuta ameungua mkono, naambiwa ni chupa ya chai. Kituo cha kulelea watoto cha barabarani wanataka 90,000 kwa mwezi na wanafungua saa moja na nusu. Mume wangu anasema niache biashara. Kwa nini serikali isiweke vituo kama ilivyoweka shule?
Mama lishe, Buguruni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huo mkono kama bado mbichi mpeleke zahanati leo, na usipake dawa ya meno.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Temeke miaka 26. Nikifika nyumba za namna hiyo kule Tandika na Mbagala, kabla sijapiga hodi nahesabu kandambili ndogo mlangoni. Mwenye nyumba ananiambia wako sita, mimi nimeshaona jozi kumi na tisa. Ndani mkeka mmoja, ndoo moja, na kikombe kimoja cha plastiki kinachozunguka midomo yote. Kuzifunga nyumba hizo ilikuwa rahisi, ila kesho yake ningewakuta watoto walewale chini ya meza za mama zao, karibu na karai la mafuta. Jirani yako simlaumu. Watoto kumi na tano hawashikwi na mtu mmoja.

Swali lako ni la haki kabisa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Wewe uliyejiajiri hukupata hata moja. Darasa la awali kwenye shule za serikali halina ada tangu 2016, lakini wanaingia watoto wa kama miaka mitano. Hiyo miaka ya katikati, ambayo mtoto ndiyo anajifunza kutembea na kusema, tumemwachia mama na jirani. Mimi naona ni kosa, na nimelisema kwenye vikao mpaka nikastaafu.

Kituo ninachokitaka kiwe ndani ya soko au hatua chache tu kutoka hapo. Mzazi alipe kwa siku, kwa sababu anapata kwa siku, na kiasi kinachobaki ilipe halmashauri, ambayo ushuru wa soko inauchukua. Kimpokee na mtoto mwenye ulemavu, maana huyo hata jirani humkataa. Jimbo la Quebec, Kanada, lilianza mwaka 1997 kumtoza mzazi dola 5 tu kwa siku, serikali ikabeba zilizobaki. Wazazi wakafurika, nafasi hazikutosha, foleni ikawa ndefu. Kwa hiyo bei na vyumba viende pamoja, na walezi wafundishwe na walipwe mishahara ya kweli.

Utaambiwa muunde kikundi mkope zile fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambazo halmashauri huvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, na kikundi kinaweza kuanzisha kituo, ila lazima urudishwe, na mtakaowakamua ni akina mama walewale. Msikubali uwe ndiyo jibu lote.

Mumeo mkalishe mpige hesabu ya kodi ya chumba bila hela ya sokoni. Jirani naye mwombeni aongeze msaidizi, mchangie, na chupa ya chai ipande juu ya kabati. Halafu chukua daftari, pita meza kwa meza, andika watoto wote walio chini ya miaka mitano, mpelekee mtendaji wa kata na diwani, nakala kwa afisa ustawi wa jamii. Pembeni ya kila mtoto andika saa ambayo mama yake anawasha jiko, wajue kituo kinatakiwa kifunguliwe saa ngapi.