Hesabu za nyumbani: kuzidisha na kugawanya kunatosha, kazi ipo kwenye kupima

Mkuu, umeuliza kama kuna hesabu ya shule inayomfaa mtu nyumbani zaidi ya kujumlisha matumizi, ukataja na chumba unachotaka kukipaka rangi bila kujua ununue lita ngapi. Ipo, tena si ngumu. Kwetu mimi ndiye ninayeitwa kitu kinapotaka kupimwa, na ninachokiona kila mara ni kwamba watu wengi wanajua kuzidisha. Kinachowaponza ni kipimo kilichochukuliwa ovyo, au namba iliyoandikwa bila kusema ni ya nini. "240" kwenye karatasi ni sentimita, milimita au nini? Fundi mmoja anataja futi, mwingine mita, na wewe upo katikati. Andika kipimo pamoja na jina lake, kisha geuza vyote viwe vya aina moja kabla hujagusa kikokotoo. Inchi 1 ni sentimita 2.54, na futi 4 ni kama sentimita 122.

Tuje kwenye rangi. Tuseme chumba ni mita 4 kwa 3, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.7. Kuta zote nne zikinyooshwa zina urefu wa mita 14. Zidisha kwa 2.7, unapata mita za mraba 37.8. Toa mlango (0.9 × 2.1, karibu 1.9) na dirisha (1.5 × 1.2, yaani 1.8), zinabaki 34 na ushee. Ukipaka mikono miwili, yaani kurudia rangi mara mbili, ni 68. Sasa soma kopo: rangi nyingi za ukutani huandikwa kwamba lita moja inafunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, ukuta ukiwa laini. Kwa hiyo ni lita 7. Plasta mpya hunywa zaidi, basi ipige praima (rangi ya msingi ya kuziba vinyweleo) kwanza.

Vigae vya sakafu vinataka uangalifu zaidi, kwa sababu hapo eneo peke yake linadanganya. Chukua sakafu ya mita 4 kwa 3 na vigae vya sentimita 30 kwa 30. Kila kigae ni mita za mraba 0.09, na 12 ukigawa kwa 0.09 unapata vigae 134. Hebu vipange kichwani (mianya ya kati nimeiacha ili hesabu isiwe ndefu). Kwenye ile mita 3 zinaenea safu 10 kamili. Kila safu inabeba vigae 13 vizima na kubakiza sentimita 10. Kigae kimoja kinakatwa vipande vitatu vya sentimita 10, kwa hiyo vigae 4 vinamaliza safu zote: 130 na 4 ni 134. Hesabu zimekubaliana. Sasa refusha chumba kiwe mita 4.1. Eneo linasema vigae 137. Lakini pengo la kila safu limekuwa sentimita 20, na kigae cha 30 kinatoa kipande kimoja tu cha upana huo, kinachobaki ni sentimita 10 zisizofaa. Unahitaji vigae 10 vya kukata, jumla 140. Ndiyo maana mimi huchora sakafu kwenye karatasi kabla ya kununua, halafu naongeza kumi katika kila mia kwa ajili ya kuvunjika. Vinavyobaki usivitupe, maana kupata baadaye rangi ileile hasa si rahisi.

Jambo hilohilo la eneo linaingia jikoni. Kichocheo cha keki kimeandikiwa chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20, na wewe una cha 25. Mtu anaona tofauti ya sentimita 5, anaongeza unga kidogo. Fanya 25 × 25, ni 625. 20 × 20 ni 400. Gawanya, unapata 1.56, maana yake kila kitu kiongezwe nusu nzima na zaidi kidogo ili keki iwe na kimo kilekile. Muda wa kuoka usiuzidishe hivyo. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva.

Unga nawasihi mpime kwa mizani. Kikombe kilekile kinabeba unga mwingi zaidi ukiushindilia kuliko ukiuchota taratibu, ila gramu hazibadiliki. Vijiko navyo: kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5 na cha mezani ni 15 katika nchi nyingi, lakini Australia cha mezani ni 20. Vijiko vya kulia chakula havina kipimo maalumu kabisa, na kwa sababu hiyo dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa sindano ya plastiki au kikombe chenye alama kinachokuja na chupa. Hapo sikubali makadirio.

Kuzimua dawa ya klorini: gawanya nguvu uliyonayo kwa nguvu unayoitaka, kisha toa moja. Ina asilimia 5, unataka 0.5. Jibu la kugawanya ni 10, toa 1, ni 9. Kipimo kimoja cha dawa, tisa vya maji. Usiichanganye kamwe na siki wala kisafishio chenye amonia, hutoa gesi yenye sumu.

Kuhusu kifaa: ile kulabu ya mwanzo wa futikamba hucheza kidogo, na wengi huigonga wakidhani imelegea. Iacheni. Inacheza kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe sahihi ukiivuta ukingoni na pia ukiisukuma ukutani. Na ujue shibiri yako ni sentimita ngapi, utaitumia sana ukiwa dukani mikono mitupu.

La mwisho ni maji na umeme. Bomba linalovuja, weka kikombe cha kupimia chini yake kwa dakika 10. Zikijaa mililita 30, zidisha kwa 6, kisha kwa 24: lita 4.3 kwa siku, karibu 130 kwa mwezi. Kwenye umeme, wati mara saa, gawanya kwa 1000, ndiyo uniti. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 inakula uniti 0.3, ya LED ya wati 9 inakula 0.045. Lakini kuchemsha lita 20 za maji ya kuoga, kutoka nyuzi 20 hadi 60, kunakula karibu uniti 0.93, sawa na kuwasha hiyo balbu ya LED saa 100 na zaidi. Anayetaka kupunguza bili aanze na maji ya moto, balbu zifuate.