Muulize Mjomba: Mtumbwi wa babu una ufa, wanataka kuupasua kuni

SWALI: Shikamoo mjomba. Nimeenda Utete, kule Rufiji, kumsalimia bibi nikakuta mtumbwi wa marehemu babu umelazwa nyuma ya nyumba, juani, sijui tangu lini, una ufa kwenye omo, yaani ncha ya mbele, mpaka kidole kinaingia. Ndugu wanasema upasuliwe kuni. Unaweza kupona? Halafu mbona hauna ile mikono ya pembeni kama ngalawa, ilikatika au? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marhaba mpwa wangu. Kwanza waambie hao ndugu waweke shoka chini.

Hakuna kilichokatika. Mtumbwi wa mto Rufiji haunaga mirengu, ndiyo hiyo mikono ya pembeni, ngalawa inaihitaji kwa vile ina tanga na iko baharini kwenye upepo na mawimbi, sasa wewe hebu pita na mirengu ile kwenye matete ya kuingilia bwawani, si utanasa mpaka jioni! Na mabwawani ndiko kwenye samaki, maana mafuriko ya masika yanawaingiza, maji yakishuka wanabaki humo, kambale na perege, wazee wanawafuata na nyavu na mitego yao ya migono. Mtu anasimama tezini, kule nyuma, anasukuma kwa pondo, ule mti mrefu, pondo ikikosa chini anashika kafi, kasia fupi la mkononi.

Ufa ni kazi ya jua. Gogo lililozoea maji likikauka linasinyaa, na miishoni ndiko kunakauka haraka, ndio maana umepasukia omo. Uhamishie kivulini leo leo. Kisha chomeka kisu pale penye ufa, kikizama kama kwenye muhogo uliooza basi hapo hata mimi nakubali kuni. Kikigoma, uzamishe mtoni siku kadhaa ufa ujifunge wenyewe kiasi chake, uutoe, uache upepewe kivulini, ndio ukalafatiwe: pamba yenye mafuta inagongewa ndani taratibu kwa patasi, juu kiraka cha bati na lami, misumari midogo tu, mikubwa inapasua upya. Fundi mtafute huko huko mtoni, huyu wa samani wa mjini atakupaka gundi akudai hela.

Niseme na hili. Miaka ile kabla ya daraja la Mkapa (lilifunguliwa 2003) mzee mmoja alinibeba kwenye mtumbwi wake, kila tukikaribia kona anagonga ubavu kwa kafi, ko ko ko, mimi nikajua anapiga ngoma kujifurahisha, kumbe anawapigia hodi viboko wasije wakaibukia chini yetu. Ukiinama ubavuni mwa ule mtumbwi wake unaona mahali pamelika, kama kisahani, usawa wa mkono.

Kautazame wa babu yako. Ukikuta kisahani hicho mwambie fundi hapo asipitishe tezo, lile shoka lake la kuchongea.