Maswali ya Wasomaji: Gesijoto katika Jaruba la Mpunga

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Ahero, Kaunti ya Kisumu. Mimi ni mama mkulima wa mpunga. Katika mkutano wa wakulima tuliambiwa kwamba mashamba yetu hutoa gesi inayoongeza joto duniani. Nilirudi nyumbani na uchungu moyoni, kwa maana sina gari wala kiwanda, na maji ya mto Nyando yameshanisombea mazao zaidi ya mara moja. Je, ni kweli kwamba nami ni miongoni mwa wakosaji? Na kama ni kweli, nifanyeje?

JIBU: Mama, mliyoambiwa ni kweli, lakini neno “mkosaji” silikubali. Gesijoto inayotoka Kenya nzima haifiki asilimia 1 ya ile ya ulimwengu. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ilikuwa na takribani sehemu 280 za kaboni dioksaidi katika kila sehemu milioni moja. Leo zimepita 420, na ongezeko hilo limetokana hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa zaidi katika nchi tajiri na zenye viwanda vingi, pamoja na misitu inayofyekwa. Wewe unayefuatwa na mafuriko hadi mlangoni umelipa deni ambalo hukulikopa.

Gesijoto zenyewe si uchafu kwa asili yake. Jua huipasha ardhi joto, nayo ardhi hulirudisha joto hilo juu. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, huliacha lipite, ilhali gesijoto hulinasa na kurudisha sehemu yake chini. Pasipo hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 hivi. Tatizo ni kwamba tumezizidisha kwa kasi mno.

Sasa tuingie shambani kwako. Ukikanyaga jaruba lililojaa maji kwa majuma kadhaa, utaona mapovu yakipanda kandokando ya mguu kutoka katika tope jeusi. Maji yaliyotuama huizuia hewa isifike udongoni, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa huozesha mizizi na mabua ya zamani na kutoa methani, ile gesijoto mliyoambiwa. Mapovu hayo ni sehemu ndogo tu, kwa kuwa methani nyingi hupanda kimyakimya ndani ya mpunga wenyewe, ambao shina lake lina njia za hewa, na kutokea juu ya maji. Kwa uzito ulio sawa, methani hupasha joto takribani mara 28 kuliko kaboni dioksaidi katika kipindi cha miaka 100. Hata hivyo, hudumu hewani kwa kadiri ya miaka 12 tu, ilhali sehemu ya kaboni dioksaidi hubaki kwa karne nyingi. Ndiyo maana mimi huwahimiza wakulima wa mpunga bila kusita: methani ikipunguzwa leo, nafuu yake inaweza kuonekana katika maisha yetu wenyewe.

Njia iliyothibitishwa ni kulowesha na kukausha kwa zamu. Chukua kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 30 hivi, kitoboe matundu pande zote katika nusu ya chini, kikite shambani, kisha uondoe udongo uliomo ndani ili uyaone maji. Baada ya kupandikiza miche, acha maji yakae kwa majuma mawili au matatu ili magugu yasikushinde. Baada ya hapo yaache yapungue hadi yafike sentimita 15 chini ya uso wa udongo. Ndipo ufungulie tena, yafike kama sentimita 5 juu ya udongo. Mpunga unapokaribia kuchanua, hadi juma moja baada ya kuchanua, usiukaushe hata kidogo, maana kiu ya wakati huo ndiyo inayoharibu punje. Ukifuata utaratibu huu, methani inaweza kupungua kwa theluthi moja au zaidi bila mavuno kushuka, na maji hupungua pia. Kwenu Ahero, ambako maji ya mto huvutwa kwa pampu za umeme, jambo hilo lina maana mfukoni. Kwa kuwa maji mnayagawana, zungumzeni kwanza na majirani wa mfereji mmoja ili mpange zamu.

Kuna tahadhari moja. Shamba linalokauka na kulowa huweza kutoa gesijoto nyingine, nitrasi oksaidi, inayotokana na mbolea ya nitrojeni, nayo ni kali kuliko methani. Kwa hiyo usizidishe mbolea, na uiweke udongo ukiwa mkavu muda mfupi kabla ya kufungulia maji. Mabua nayo usiyachome, wala usiyafukie mabichi ndani ya maji; walishe ng’ombe au utengeneze mboji.

SWALI: Tunaposafiri kupitia Naivasha, mwanangu huniuliza kuhusu moshi mweupe wa Olkaria, penye vituo vya umeme. Ikiwa umeme huo ni safi, moshi unatoka wapi? — Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ule ni mvuke wa maji yaliyopashwa joto na miamba ya ardhini, nao umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme pale tangu 1981. Huambatana na kaboni dioksaidi kidogo na gesi yenye harufu ya yai bovu, lakini kituo cha makaa ya mawe hutoa karibu kilo 1 ya kaboni dioksaidi kwa kila uniti ya umeme, na Olkaria haikaribii kiwango hicho. Takribani asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa aina hiyo. Ukitaka kumwonyesha mwanao moshi hasa, mwonyeshe tanuri la mkaa lililofunikwa udongo: humo kuni huungua kwa hewa haba, nguvu nyingi za mti hupotea kabla gunia halijajaa, na methani hutoka pamoja na moshi huo.