"Upo?" "Nipo": barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mguu unaendelea vizuri, dawa nakunywa, mama yako ananisimamia kama askari jela. Sasa tuje kwenye lile swali ulilochokozwa na mwenzako wa zamu, ukanitupia mimi Jumamosi usiku kabla salio halijakuishia: "Baba, hivi namba saba ipo? Na kama ipo, iko wapi?" Nilikujibu haraka kwamba ipo kati ya sita na nane, ukacheka. Mzaha ule ulinikosesha usingizi. Miaka thelathini nimefundisha Kiswahili, na sijawahi kukaa chini nikalitazama vizuri hilo neno "ipo".

Litazame. Ile "po" ya mwisho ni mahali. Yupo, yuko, yumo: ulimi wetu haukubali kitu kiwepo mpaka ukitafutie pa kukaa. Ukikwepa ukasema "kuna", hiyo "ku" nayo ni mahali, na "pana" na "mna" ni ndugu zake. Kwa hiyo Jumamosi ulidhani umeuliza maswali mawili, kumbe ulipouliza kama saba ipo, "wapi" ilikuwa imeshaingia ndani bila kupiga hodi.

Elimu inayouliza kuwapo ni nini ndiyo inayoitwa metafizikia. Jina linatisha bure. Waliopanga maandishi ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliviweka vitabu vyake vya elimu hii baada ya vile vya maumbile, basi Kigiriki kikaviita "vya baada ya maumbile". Mwenyewe hakulitumia jina hilo. Alichosema ni kwamba kila elimu inajikatia kipande chake. Mwanahesabu anatazama idadi na vipimo, tabibu anatazama afya na maradhi, na wewe hapo maabara unatazama damu. Lazima iwepo elimu moja inayokitazama kilichopo kwa vile tu kipo.

Ukiona giza, usione haya. Ibn Sina, yule tabibu mkubwa aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, amesimulia mwenyewe kwamba alikisoma kitabu hicho cha Aristotle mara 40, akakihifadhi kichwani, na bado hakuelewa kinataka nini. Alasiri moja akiwa soko la vitabu, dalali akamnadia kijitabu cha elimu hiyo hiyo. Akakisukuma pembeni, alishakata tamaa. Dalali akambembeleza: chukua, rahisi, dirhamu 3 tu, mwenyewe ana shida ya pesa. Akanunua. Kilikuwa cha al-Farabi, mwanafalsafa aliyemtangulia, kinaeleza Aristotle alikusudia nini. Akakisoma nyumbani, mambo yakafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya dalali. Watu hao wanasemwa vibaya kila siku.

Ibn Sina alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kitu ni nini, na kama kitu kipo. Chukua zimwi la hadithi za bibi yako. Zimwi tunalijua vizuri. Lina mkia, linapenda nyama ya watoto, na likikujua halikuli likakwisha. Sifa zote zimetimia, imepungua moja tu. Basi hata ukijua kitu ni nini mpaka ukucha wa mwisho, bado hujajua kama kipo. Na vilivyopo, alisema, karibu vyote vingeweza visiwepo. Mimi na wewe tumo humo. Chuoni, kwenye madrasa, tulikariri jambo hilo tukiwa wadogo, tukiyumbayumba mkekani: wajibu, muhali, jaizi. Kisichoweza kutokuwepo, kisichoweza kuwepo, na kinachoweza yote mawili. Leo "wajibu" mtaani ni kazi ya kumtunza mzee, lakini "muhali" bado imeshika maana yake.

Sasa nikufikishe palipo na utamu. Ibn Sina anakuambia: fikiri mtu ameumbwa mara moja, mzima, anaelea hewani. Macho yamefunikwa, viungo vimeachana visigusane, wala upepo haumgusi. Haoni, hasikii, hajui kama ana mkono. Je, atajua kwamba yupo? Anasema ndiyo, atajijua bila shaka yoyote. Ibn Sina alifariki mwaka 1037. Miaka 600 baadaye, mwaka 1637, mwanafalsafa Mfaransa Descartes akachapisha maneno yake yaliyoenea dunia nzima: nafikiri, kwa hiyo nipo.

Hapo ndipo jirani yetu anapoingia. Padri Alexis Kagame wa Rwanda mwaka 1956 alitoa kitabu akichambua lugha yake, akaona vyote vilivyopo vinaingia katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mtu, kitu, mahali, namna. Mtu na kitu unawaona mwenyewe jinsi walivyo ndugu na Kiswahili chetu. Kagame aliona pia kwamba maneno ya Descartes yakiletwa katika lugha za Kibantu yanabaki yananing'inia. Ukisema "mimi ni", msikilizaji anangoja: u nani? U mwema, u mkubwa? Ukisema upo, anangoja: wapi?

Nilipomsoma mara ya kwanza, nikiwa chuo kikuu, Mlimani, nilikubali mia kwa mia. Nilitembea na hoja hiyo kifua mbele kwa miaka. Siku hizi siikubali, na aliyenitoa humo si mwanafalsafa. Ni muuza mihogo wa hapa kona. Kila asubuhi ananiuliza, "Mwalimu, upo?" Namjibu, "Nipo." Basi. Hajaniuliza wapi, ananiona nimesimama mbele yake! Na mimi sikumtajia mahali. Nimemwambia kwamba sijafa, sijahama, naendelea. "Po" ile mahali pake pameshafutika kwa kusemwa sana, kama namba kwenye sarafu ya zamani. Kagame alikuwa akichambua Kinyarwanda, simlaumu, lakini kwetu sisi yule mtu wa Ibn Sina anayeelea angeweza kabisa kuitikia "nipo", na kila mtu barazani angemwelewa. Sarufi inatuonyesha tumezoea kupita wapi. Haijajenga ukuta.

Haya, saba. Wapo wanaosema iko kichwani mwetu tu. Mjerumani Gottlob Frege aliwauliza mwaka 1884: ikiwa namba ni wazo la kichwani, si kila mtu atakuwa na yake? Saba yangu na saba yako, tutahesabianaje chenji? Wengine wanasema ni makubaliano ya watu, kama kanuni za bao. Hii ilinivutia, kwa sababu kanuni ya bao nayo huioni popote ubaoni, lakini ukikosea kuteka utaisikia. Tatizo ni kwamba wazee wakikubaliana kesho kubadili kanuni, bao litabadilika. Wakubaliane sasa kwamba kete saba zigawanywe kwa watu wawili sawasawa bila kubaki wala kuvunja hata moja. Watakesha. Kitu kinachokukatalia namna hiyo siwezi kusema hakipo, hata kama nimeshindwa kukionyesha kwa kidole. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba saba ipo, na "wapi" yako naiondoa. Plato, mwalimu wa Aristotle, angenipigia makofi, ingawa yeye angeniongezea ulimwengu mzima wa pili wa kuviweka vitu kama saba, ambao sijauomba. Huyu mwenzako wa zamu aliyekuchokoza muulize yeye atazigawaje hizo kete.

Ila nisijifanye nimemaliza. Ulikuwa na miaka mitano bibi yako alipofariki. Nilikupakata barazani nikakuambia, "Bibi hayupo." Ukanitazama ukauliza, "Hayupo wapi?" Waliokuwa msibani walicheka huku wanalia. Nikakwambia yuko kwa Mungu. Ukauliza Mungu yuko wapi. Jibu la madrasa nilikuwa nalo: yupo, wala hana mahali. Nikafungua mdomo nilitoe, nikaona vile ulivyonikodolea macho, likanikwama. Bahati mama yako akatuita tukale, ubwabwa unapoa.

Baba yako