Kuifinyanga Kazi Uliyonayo: Maswali Yenu

*"Kuifinyanga kazi" ndiyo nini hasa?*

Ni mfanyakazi kuigeuza kidogo kidogo kazi aliyopewa, bila kungoja bosi aipange upya. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, watafiti wa Marekani, walieleza kuwa mtu anaweza kugusa mambo 3: majukumu yenyewe, watu anaoshughulika nao, na jinsi anavyoitazama kazi yake. Mfano wao mmoja ni wasafishaji wa hospitali. Wapo walioona kazi yao ni kudeki tu. Wenzao, wenye cheo kilekile, walijihesabu kuwa sehemu ya uuguzi: walizungumza na wagonjwa, wakawaonyesha wageni njia. Hao ndio walioipenda zaidi kazi yao. Mfano huu hunigusa kila nikiukumbuka, kwa sababu hakuna aliyewapandisha cheo.

*Nimechoka. Siku hizi nakwepa vikao na kazi ngumu. Je, na huko ni kufinyanga?*

Ndiyo, ila peke yake hakukufikishi mbali, ndugu yangu. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa wanaoridhika na kazi na kuwa na ari ni wale wanaoongeza kitu: ujuzi, ushauri wa wenzao, jukumu jipya linalowapima. Anayepunguza tu hapati faida hiyo, na mara nyingine ari yake hushuka. Tena unachokikwepa hakipotei, humwangukia mwenzako wa meza ya pili. Kama umeelemewa kweli, pumziko ni haki yako, lakini liombe waziwazi. Halafu chagua jambo moja unalolipenda, ulitengee hata nusu saa kwa siku.

*Lazima niombe ruhusa?*

Kubadili mpangilio wa siku yako au kumfundisha mgeni kazi, hapana. Likigusa zamu za wengine, usalama au fedha, uliza kwanza.

*Bosi amepunguza watu, sasa anatuhimiza "tuzifinyange kazi zetu". Mshahara ni uleule.*

Huo ni mzigo mnaotwikwa, na nasikitika kuona neno zuri likitumiwa hivyo. Kufinyanga huanzia kwa mfanyakazi mwenyewe, na hakuzibi pengo la malipo wala la watu walioondoka. Andikeni kila jukumu mnalolifanya sasa, mtie alama yaliyoongezwa, kisha mwende pamoja kumwuliza lipi liachwe.