Kidani cha marehemu mama na deni la kodi ya nyumba

Msomaji wetu anayeishi Uingereza ameandika kwamba yeye ni wa tawi la mbali la ukoo wa masultani wa Zanzibar. Mama yake, aliyefariki mwaka jana, aliacha sanduku la vito vilivyotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964: kidani cha dhahabu, bangili, vipuli na mitali ya fedha. Msomaji anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na mfanyabiashara mmoja yuko tayari kulinunua sanduku zima wiki hii kwa uzito wa madini. Binamu zake wanasema ni aibu kwa mtu wa nasaba yao kuuza vya wazee. Anauliza kama anaweza kuuza kimya kimya, bila kumwambia kaka yake aliyeko Muscat wala dada yake aliyeko Mombasa.

Dada yangu, pole kwa msiba na kwa dhiki iliyoufuata.

Nianze na hiyo aibu, kwa sababu naona inakukosesha usingizi kuliko deni lenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, alifiwa na mumewe mjini Hamburg mwaka 1870 akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Alifundisha Kiarabu ili apate riziki, na alipokwenda Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, kaka yake Sultan Barghash hakukubali hata kuonana naye. Huko huko unakoishi, watoto wa Princess Margaret, dada wa Malkia Elizabeth, walivipeleka vito vya mama yao kwenye mnada wa Christie's jijini London mwezi Juni 2006, wakiwa na kodi ya mirathi ya kulipa. Binamu zako wanaokutajia nasaba hawajakutajia ni nani kati yao atakayekusaidia kulipa kodi ya nyumba. Kuuza kwa haja hakukupunguzii heshima yoyote.

Kuuza kwa siri, hilo sikuruhusu. Sanduku liko chumbani mwako kwa sababu wewe ndiye uliyemuuguza mama, lakini bado ni mali ya marehemu. Kwa mujibu wa sheria ya mirathi ya Kiislamu, hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wagawane. Kama mmebaki ninyi watatu tu, kaka yenu ana nusu, na wewe na dada yako kila mmoja ana robo. Sheria ya Uingereza, kama mama hakuacha wasia, ingewapa watoto sehemu sawa, kwa hiyo ni lazima mkubaliane kwa maandishi mtakavyogawana. Ikiwa fedha za mazishi zilitoka mfukoni mwako kwa nia ya kurudishiwa, watajie deni hilo mapema. Ni haki yako, na usione haya kulidai.

Huyo mfanyabiashara mwambie asubiri. Anayenunua kwa uzito analipia madini peke yake, na kazi ya sonara pamoja na historia ya kitu anavipata bure. Lile taji la Princess Margaret liitwalo Poltimore lilikadiriwa kati ya pauni 150,000 na 200,000, likauzwa pauni 926,400, kwa kuwa kila mtu alijua nani alilivaa na lini. Sikuahidi miujiza ya namna hiyo, kwani jina la ukoo bila ushahidi haliongezi bei. Tafuta picha za bibi yako akiwa amevaa kidani, barua, au hati yoyote ya zamani inayokitaja. Kisha pata tathmini mbili za bei ya mnada, maana tathmini ya bima kwa kawaida huwa juu kuliko fedha utakazopokea, na uliza, kabla ya kutia saini, mnada utakata kiasi gani. Kuweka rehani pia kunawezekana, ila kuna riba, na najua utakavyoliona jambo hilo.

Deni la nyumba lisingoje vito. Mwandikie mwenye nyumba leo, umwombe kulipa kidogo kidogo, na uende Citizens Advice, ambako ushauri ni bure.

Mkifika kwenye kuuza, ningeanza na bangili, ambazo pengine zinafanana na nyingi nyingine sokoni, na ningekiacha kidani hadi mwisho. Huenda kaka yako akapenda kukichukua katika fungu lake na kuwalipa ninyi wawili tofauti ya thamani. Hutajua mpaka umuulize. Mpigie yeye na dada yako kwa pamoja, kabla hujamjibu mfanyabiashara.